Kikwangulio Hakimo Kwenye Orodha

Duluth, Minnesota
6 Machi 1994

Baba Mkubwa Verlon,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na kuku wako. Huku kwetu theluji bado inafika magotini na ziwa limeganda mpaka watu wanaendesha magari juu yake. Mimi ni mzima, kazi yangu ya mapokezi kwa daktari wa meno inaendelea, na kila siku naona midomo iliyo wazi mingi kuliko ninavyotaka.

Utashangaa kupata karatasi mbili nzima kutoka kwangu, mimi ninayekutumia kadi ya Krismasi yenye maneno matatu. Ningekupigia simu, lakini tangu madaktari wakutoe uvimbe wa kooni pamoja na sauti, najua simu kwako ni pambo la ukutani. Kwa hiyo naandika.

Jambo lenyewe ni Baba. Ana uvimbe tumboni. Tangu Januari hali chakula, anakigusa tu na kijiko kunifurahisha. Daktari anasema kiangazi hiki, na zaidi ya hapo hataki kuahidi. Juzi nilimbembeleza nikamwambia, Baba, sema chochote duniani unachotamani, nitakileta. Akaweka kijiko pembeni. Halafu akasema, "Kidari. Kidari cha ng'ombe cha moshi cha nyumbani, cha Juni Kumi na Tisa."

Hajawahi kuitaja sikukuu hiyo mbele yangu. Wenzangu wa Texas niliokutana nao hapa huwa hawaachi kuisimulia: siku ambayo babu zetu walipata habari kwamba utumwa umekwisha na wako huru, jinsi moto unavyowashwa jana yake na wanaume wanavyopokezana zamu kuulinda. Baba yeye ikitajwa huzima redio.

Najua kuhusu moto wa Juni Kumi na Tisa ya mwaka 1958. Nilikuwa na miaka kumi na miwili tulipokuja huko kumzika Bibi Idella, mama yenu, na jikoni kwa watu wa kanisa nikasikia kila kitu: zamu ilikuwa ya Baba, akalala, moto ukatoka kwenye jiko ukala nyumba ya Bibi, na mikono ya Bibi ikaungua, haikushika tena sindano. Baba alikuwa ameendesha gari siku mbili kuja mazishini, halafu hakushuka. Alikaa ndani ya gari nje ya kanisa mpaka tukamaliza. Sikuombi mzungumzie hayo.

Naomba kitu kidogo tu. Niandikie vifaa vya lazima kwa mtu asiyejua lolote, maana mimi hata kuchemsha yai naangalia saa mara mbili. Nina mpaka tarehe 19 Juni. Nataka ale hata kipande kimoja kabla hajaondoka.

Mwanao,
Renetta


Giddings, Texas
19 Machi 1994

Mwanangu Renetta,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Mimi ni mzima ukiondoa hili tundu la shingoni. Kanisani wanasema tangu niache kuongea nimekuwa mtu mzuri sana. Ninabeba ubao mdogo wa chaki, nikikasirika naandika kwa herufi kubwa. Kuku wanataga.

Sasa sikiliza, na usinifanyie mambo ya mjini. Jiko usinunue la dukani linalong'aa. Tafuta pipa la chuma nene lililolazwa, lenye chumba cha moto pembeni, kifuniko kinachofunga sawasawa na dohani ya kutolea moshi. Nyama haikai juu ya moto. Moto unakaa pembeni, moshi ndio unaokwenda kuitembelea nyama. Ukiona miali inagusa nyama, hapo si kupika tena, ni kuchoma takataka.

Kuni ziwe za mwaloni uliokaushwa mwaka mzima. Usithubutu kutia msonobari. Nyama itanuka dawa ya kusugulia sakafu, na mimi nitasema sikujui. Kuwasha, nunua lile kopo refu la bati lenye mshikio: mkaa juu, gazeti chini, kiberiti, basi. Mtu anayemwagia mkaa mafuta ya taa apelekwe mahakamani.

Vipimajoto viwili. Kimoja cha kupima joto la ndani ya pipa, nyuzi mia mbili na hamsini za Fahrenheit, usizidishe. Cha pili cha kuingiza ndani ya nyama. Kile kinachokuja kimebandikwa kwenye kifuniko usikiamini, kinadanganya mchana kweupe. Glavu za ngozi zinazofika viwikoni. Koleo refu, maana ukichoma nyama kwa uma utaitoboa maji yote yatoke. Chupa ya kupulizia, nusu siki nusu maji. Karatasi ya buchani ya kahawia, isiyo na nta, ya kuivika nyama ikishapata rangi. Kisu kirefu chembamba. Chumvi na pilipili manga, na mkono wako uishie hapo hapo.

Na kiti. Usikidharau kiti. Bila kiti utaingia ndani mara moja tu kunywa maji, na mtu wa moto haachi moto.

Hivyo ndivyo vya lazima. Kingine chochote ni mapambo.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Baba yako mkubwa,
Verlon


Duluth
10 Aprili 1994

Baba Mkubwa,

Shikamoo tena. Theluji imeanza kuyeyuka na kila mtu hapa anatembea na matope hadi sebuleni. Salamu zako kwa "wote hapo nyumbani" nimezifikisha. Wote hapo nyumbani ni mimi na Baba tu, sijui kama unajua. Za kwangu nimepokea.

Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa, thelathini na tano, na nilishafanya kosa la kuwaambia wenzangu kazini kwamba najifunza kupika uani. Jamani! Wameniletea aproni yenye picha ya nguruwe aliyevaa miwani ya jua, uma mkubwa wa kuzolea majani makavu, na sanduku la sosi kumi na mbili za rangi zote. Daktari mwenyewe kanipa saa ya kengele yenye umbo la ng'ombe. Inalia kama ng'ombe kweli.

Lakini pipa nimepata! Jirani yangu Toivo, mzee mwenye asili ya Finland asiyecheka, alikuwa nalo la kukaushia samaki kwa moshi miaka ishirini. Amezeeka, amenipa. Tulilisukuma sisi wawili mpaka uani kwangu, likaacha mfereji kwenye nyasi. Ameniahidi na kuni za mwaloni kutoka kwa shemeji yake.

Sasa kuna kitu. Nilimsomea Baba orodha yako. Alisikiliza kafumba macho, na kwenye msonobari alitabasamu. Nilipomaliza akauliza, "Na kikwangulio?"

Nikamwuliza ndiyo nini. Akasema ni bamba la chuma lenye mpini mrefu, la kukwangulia masizi na mafuta yaliyoganda chini ya jiko kabla ya kuwasha tena. Akasema, "Tazama vizuri, ameandika." Nikageuza karatasi pande zote mbili. Nikamwambia hapana Baba, hajaandika.

Alicheka, Baba Mkubwa. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikamshikia beseni. Kisha akageukia ukutani akasema, "Muulize."

Kwa hiyo nakuuliza. Kikwangulio ni cha lazima au ni pambo?

Renetta


Giddings
2 Mei 1994

Mwanangu Renetta,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, mvua ilibomoa banda la kuku, na kuku wangu wakahamia barazani kama wapangaji.

Hongera kwa siku ya kuzaliwa. Hiyo aproni choma. Uma mpe mwenye farasi. Sosi waachie watoto wachoree. Mwakani wenzako wakitaka kukupa zawadi waambie mtu anayeanza kupika kwa moshi anapewa vitu vitatu: gunia la kuni kavu, kipimajoto cha kweli, au mtu wa kumshikia zamu aende msalani. Saa ya ng'ombe baki nayo. Nimeipenda.

Nimekutumia kifurushi. Glavu ni zangu, kidole gumba cha kulia kimeungua kidogo lakini bado kinafaa. Kisu nilikinunua mwaka niliorudi kutoka jeshini, kimenolewa mpaka kimekonda kuliko mimi. Usikioshe kwa mashine.

Kuhusu kile kingine ulichouliza, hakina haraka. Pipa lilikuwa la samaki, na samaki hawana mafuta ya kutisha. Utakuja kukijua baadaye ukishakuwa mpishi. Kwa sasa shika moto na joto.

Anza na kuku, halafu bega la nguruwe, halafu ndiyo uguse kidari. Kidari hakimsamehe mwanafunzi.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Verlon


Duluth
22 Mei 1994

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Miti imechipua majani yote ndani ya wiki moja. Glavu zimenifika, zinanuka moshi wa miaka yote hiyo, na nilipomwekea Baba mapajani alizishika jioni nzima. Aliingiza mkono mmoja, akautoa.

Nimeshapika mara nne. Kuku wa kwanza tuliwapa kunguru, nao wakafikiria kwanza. Bega la pili lilikuwa zuri, Toivo alikula sahani tatu bila kutamka neno, akaniambia tu "ndiyo." Na kidari kidogo cha Jumapili, sikia, kilikuwa kigumu kama soli, ila maganda yake meusi yalikuwa matamu. Nikampelekea Baba kijipande. Hakukila. Lakini alikishika, akakirudisha, halafu akalamba kidole. Baba Mkubwa, alilamba kidole! Nilikwenda bafuni kulia kwa furaha, mjinga mimi.

Mafuta yanayotiririka mle ndani ni mengi ajabu, yameganda chini na kutengeneza kama sabuni nyeusi. Kila siku Baba ananiuliza, "Verlon kasema nini kuhusu kikwangulio?" Nilimsomea maneno yako ya samaki. Akasema, "Samaki!" Nikamwambia basi nakwenda dukani, vinauzwa tu, au nichukue sepetu ya Toivo nilikwangue. Akakasirika, yeye ambaye hata nguvu ya kukasirika hana. "Acha. Ukikinunua hatakiandika tena. Nataka akiandike yeye, kwa mkono wake." Alinishika mkono mpaka nikaahidi. Mimi siwaelewi ninyi wazee wawili. Ni kipande cha chuma!

Njoo. Basi linachukua siku moja na nusu. Mwaka huu tarehe 19 ni Jumapili, na ni Siku ya Kina Baba pia. Huna haja ya kusema chochote, na hata ukitaka huwezi. Utakaa kwenye kiti tu. Na kama huwezi kuja, basi kwenye barua yako ijayo andika salamu yenye jina la Baba. Otha. Ni herufi nne.

Renetta


Giddings
8 Juni 1994

Mwanangu Renetta,

Marahaba. Sitakuja. Tundu hili la shingoni haliwezi baridi ya huko.

Sikia jambo la mwisho, ndilo linalowaangusha wengi. Nyama ikifika nyuzi mia na sitini itasimama. Saa moja, tatu, pengine tano, kipimajoto hakipandi hata uzi mmoja. Utadhani kimekufa. Utataka kuongeza kuni. Usiongeze. Nyama inatoa jasho, na jasho linaipoza. Kaa kwenye kiti. Ikimaliza itapanda yenyewe.

Nunua na soda nyekundu. Juni Kumi na Tisa hailiwi bila kinywaji chekundu.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na huyo mzee Toivo pia.

Verlon


Duluth
20 Juni 1994

Baba Mkubwa,

Sina salamu leo. Mkono wangu wa kushoto umefungwa bandeji na nyusi zangu zimeungua zote mbili.

Niliwasha alfajiri. Kidari kizima, chumvi na pilipili manga, kama ulivyosema. Baba aliomba nimweke kwenye kiti dirishani jikoni, na blanketi, aangalie. Nilimfungulia dirisha, moshi ukamfikia. Kufika saa sita mchana nyama ikasimama kwenye mia na sitini. Nilikaa. Sikuongeza kuni. Saa saba, imesimama. Saa nane, imesimama. Baba akaita kutoka dirishani, "Renetta, nasikia njaa." Tangu Januari sijasikia neno hilo. Nilitaka kumwambia Mungu asimamishe kila kitu hapo hapo.

Saa tisa na nusu nyama ilianza kupanda. Halafu nikasikia kitu kinavuma ndani ya pipa. Mafuta ya chini yalikuwa yameshika moto. Yote, ya mara nne zangu na ya samaki wa Toivo wa miaka ishirini, ambao wewe ulisema hawana mafuta. Nilifungua kifuniko, sikujua kwamba hakifunguliwi, na miali ikanirukia usoni. Kidari kilikuwa kinawaka kama gogo. Toivo akaja na ndoo za mchanga. Uzio nusu umeungua. Nyumba imesalimika kwa sababu upepo ulikuwa wa ziwani.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya uzio. Nilipogeuka, Baba alikuwa amesimama. Hajasimama wiki tatu. Alikuwa anapiga kioo cha dirisha kwa viganja viwili anapiga kelele, "Mafuta! Ni mafuta! Sikulala! Mama, sikulala!"

Hakuwa ananiita mimi. Alikuwa anamwita Bibi.

Tangu hapo yuko kitandani na hataki hata maji ya kijiko. Jana usiku nilimwuliza, Baba, mwaka 1958 nani alitakiwa kukwangua jiko? Akaniambia, "Muulize yeye. Akikuambia, nisomee."

Basi nimekuuliza. Kidari sikitaki tena, hakuna wa kukila. Nataka mstari mmoja kwa mkono wako, na unifikie haraka.

Renetta


Duluth
29 Juni 1994

Baba Mkubwa,

Leo mtu wa posta ameleta tangazo la mazulia. Jana hakuleta kitu. Kila siku saa tano Baba anasikia mlango wa sanduku la barua na anafungua macho. Namwambia bado. Anafumba.

Andika. Hata kama ni kunitukana, andika.

Renetta


Giddings
1 Julai 1994

Renetta,

Barua zako zote mbili ninazo. Hii ni karatasi ya sita, tano nimezitia motoni.

Jiko la mwaka 1958 lilikuwa la matofali, limejengwa karibu mno na ukuta wa nyumba, na zamu ya kulikwangua ilikuwa yangu. Jana yake, Jumatano, Mama aliniambia mara mbili. Mara ya pili alinishikisha kikwangulio mkononi. Nikakiegemeza ukutani nikaenda kucheza dhumna. Nilikuwa nashinda. Nikajiambia, nikirudi. Sikurudi mpaka wamewasha.

Otha alipokea zamu alfajiri. Hakulala. Nilikuwa njiani narudi nikamwona kwa macho yangu, amekaa kwenye kiti, kofia kichwani, anatazama moto kama alivyotakiwa. Mafuta yakalipuka kutoka chini. Yeye ndiye aliyevunja mlango akamtoa Mama. Mama akarudi kuchukua cherehani yake, ndipo akaungua mikono.

Watu walipokusanyika wakauliza nani alikuwa kwenye zamu. Otha akasema, mimi. Akaniangalia. Alikuwa anangoja niseme kuhusu jiko. Nikasema, "Alilala."

Neno moja. Nilidhani atanibishia, tukunjane, na ukweli utoke. Hakunibishia mbele ya Mama aliyekuwa analia. Wiki iliyofuata akapanda treni. Kila mwaka nilijiambia akirudi akanitukana nitakiri. Alikuja akakaa ndani ya gari. Nililiona gari. Nilipita kando yake na jeneza begani.

Sauti niliyosemea neno lile imeshatolewa. Sisemi ni malipo, nimevuta sigara miaka hamsini. Nasema tu kwamba hata ningetaka kumpigia simu leo, siwezi, na nilipokuwa naweza sikupiga.

Orodha nilipokuandikia nilifika kwenye kikwangulio, nikakiruka. Hakuna jiko nililowasha tangu mwaka ule bila kulikwangua mpaka chuma kiwe cheupe. Ni kifaa cha kwanza. Ni cha kwanza kabla ya kuni. Nilijua, na nilikuandikia habari za samaki. Uso wako ungeungua wote, kwa sababu ya kalamu yangu.

Nimekifungasha. Ni kile kile cha Mama, chuma kilipona, mpini niliweka mpya. Msomee Otha. Mwambie hakulala. Mwambie nilimwona.

Verlon


Duluth
12 Julai 1994

Baba Mkubwa,

Baba amefariki Alhamisi tarehe saba, saa tano na robo asubuhi. Mtu wa posta alikuwa ameshapita.

Kifurushi chako kimefika Jumamosi. Umeandika tarehe mosi. Muhuri wa posta ni wa tarehe sita. Ulikaa nacho siku tano, Baba Mkubwa. Sijui kilikuwa mezani au kwenye gari, na tafadhali usinieleze. Siku tano kila saa tano alifungua macho.

Nikuambie na lingine, maana sina tena wa kumwekea siri. Siku ya mwisho aliyoweza kuongea alinisimulia yote, dhumna, kiti, cherehani, kila kitu. Hakuna hata neno moja kwenye barua yako ambalo halikuwa limeshasemwa na yeye. Nilimwuliza kwa nini amenyamaza miaka yote hiyo. Akasema mwanzoni ilikuwa hasira. Baadaye akaona, akisema yeye, yatakuwa maneno ya mtu anayejitetea. Alitaka uliseme wewe. Hakuwa anangoja habari, alikuwa anakungoja wewe.

Na mimi nilimtii. Sepetu ya Toivo ilikuwa pale pale imeegemezwa uzio, dakika ishirini tu za kukwangua, naye angekula. Hilo ni langu, sikutwishi.

Jumapili nilikwenda peke yangu chumba cha maiti, nikaomba wafungue jeneza. Nikamsomea barua yako yote kwa sauti, na pale penye "nilimwona" nikarudia mara mbili. Nilipomaliza nikakaa, nikaona nimefanya upuuzi. Maiti ni maiti. Tumemzika jana, tulikuwa watu tisa na Toivo.

Huombi msamaha kwenye barua, na umefanya vizuri. Siwezi kukusamehe kwa niaba yake, hakuniachia kazi hiyo. Kikwangulio kipo ndani ya pipa lililoungua, chini ya kifuniko. Sikwangui kitu. Usiniandikie kwa sasa.

Renetta


Giddings
3 Oktoba 1994

Mwanangu Renetta,

Uliniambia nisiandike kwa sasa. Nimehesabu wiki kumi na mbili. Kama bado ni sasa, ichome.

Sijawasha jiko tangu Julai. Wa kanisani walikuja kuuliza kulikoni, nikawaandikia kwenye ubao kwamba kuni zimelowa.

Jumapili iliyopita nilikwenda na ubao kanisani. Nilikuwa nimeuandika nyumbani kwa herufi kubwa: OTHA HAKULALA, MIMI SIKUKWANGUA JIKO. Nikasimama nao mbele, baada ya matangazo. Nilitegemea kelele. Waliokuwepo mwaka ule wamebaki wawili, mmoja hasikii, mwingine hana macho. Wengine walinitazama kwa heshima. Kijana mmoja akasema amina, nadhani alifikiri ni aya. Nje akanijia akaniuliza, "Mzee Verlon, Otha ni nani?"

Nilifuta ubao nimjibu. Nilishika chaki kwa muda mrefu, yule kijana akachoka, akaenda zake.

Sina vifaa vingine vya kukutumia. Sikuombi unijibu. Najua hapo nyumbani sasa umebaki peke yako, kwa hiyo siandiki tena "wote". Nakusalimu wewe, Renetta. Na siku ukipita makaburini, nisalimie Otha.

Verlon